Chombo Kinapopotea Kwenye Ramani: Utatuzi wa Matatizo ya Mtandao wa Vihisi Unaofuatilia Vitu Vinavyotembea

Mwongozo huu unawahusu mafundi na wanafunzi wanaosimamia mtandao wa vihisi visivyotumia waya, ambao kazi yake ni kujua kitu kinachotembea kiko wapi na kinaelekea wapi. Mfano tutakaoufuata ni wa Ghuba ya Chwaka, mashariki ya Unguja. Chukulia kwamba nodi, yaani vituo vidogo vyenye kihisi na redio, zimefungwa juu ya nguzo zilizosimikwa kwenye maji ya kina kifupi mbele ya Chwaka na Marumbi, na kwamba kila ngalawa imebeba kisambazaji kidogo kinachorusha paketi fupi ya redio kila baada ya sekunde mbili. Nodi zinazoipata paketi hiyo hupima nguvu ya mawimbi yaliyoifikisha, kisha vipimo hupokezanwa kutoka nodi moja hadi nyengine mpaka kwenye lango lililoko ufukweni, ambako kompyuta hukadiria mahali chombo kilipo kwa kutumia chujio la Kalman, yaani hesabu inayopatanisha utabiri wa mwendo na vipimo.

Mfumo kama huu unapoharibika, wengi hulikimbilia chujio hilo na kuanza kubadilisha tarakimu zake mpaka mstari kwenye ramani upendeze. Huko ni kuificha hitilafu, si kuiondoa. Chujio hufanya kazi na kile linacholetewa, na makosa mengi yanayoonekana kwenye ramani yamezaliwa chini zaidi: kwenye saa ya nodi, kwenye kumbukumbu za mahali nguzo ziliposimikwa, au kwenye uso wa bahari wenyewe. Kwa hiyo uchunguzi uanzie kwenye vipimo vighafi, kabla havijaguswa na programu yoyote.

Jaribio la kwanza: tia nanga

Chukua ngalawa moja yenye kisambazaji kizima, uifunge kwenye nguzo ambayo mahali pake panajulikana kwa hakika, na uiache hapo tangu maji yamekupwa kabisa mpaka yajae, muda ambao ni zaidi kidogo ya saa sita. Nanga moja haitoshi, kwa sababu chombo huzunguka kwa urefu wote wa amari na utajikuta unaulaumu mtandao kwa mwendo ambao ni wa kweli. Andika vipimo vyote bila kuvichuja, kisha kadiria mahali kwa kila dakika.

Ikiwa nukta zote zimekusanyika mahali pamoja na kutawanyika kidogo tu, upimaji ni mzima. Zikihama polepole kwa saa kadhaa, tafuta sababu inayobadilika polepole, yaani maji au joto. Zikigawanyika katika makundi mawili yaliyo mbali, kuna nodi inayosema uongo kuhusu mahali ilipo. Jaribio hili lina upofu mmoja ambao lazima uzingatiwe: haliwezi kuonesha kosa la saa, kwani chombo kisichotembea kiko pale pale, uulize sasa au uulize sekunde kumi zilizopita. Ndiyo maana hufuatiwa na jaribio la pili, ambapo chombo kinapelekwa kwa mstari ulionyooka kati ya nguzo mbili zinazojulikana, kwenda na kurudi. Mfumo unaofaulu kwenye nanga na kushindwa kwenye mwendo una tatizo la wakati au la chujio, na hapo tu ndipo inafaa kuligusa chujio.

Chombo kilichofungwa kinaonekana kwenda mbali maji yanapojaa

Hii ndiyo dalili inayowasumbua zaidi wanaohamishia baharini mbinu zilizojaribiwa ndani ya jengo au uwanjani. Kanuni ya kawaida husema kwamba nguvu ya mawimbi hupungua kwa mraba wa umbali, na programu hutumia kanuni hiyo kugeuza nguvu kuwa mita. Juu ya maji mambo ni mengine. Mawimbi hufika kwenye nodi kwa njia mbili, moja kwa moja na baada ya kugonga uso wa bahari. Wimbi linalogonga maji kwa pembe ndogo hurudi likiwa limepinduka, na linapokutana na lile la moja kwa moja hulipunguzia nguvu.

Kuna umbali ambao ukishapitwa, nguvu huanza kupungua kwa kipeo cha nne cha umbali badala ya kipeo cha pili, na wakati huo huo hutegemea mraba wa kimo cha antena juu ya maji. Umbali huo hupatikana kwa kuzidisha vimo vya antena mbili, kuzidisha jibu kwa 4, kisha kugawa kwa urefu wa wimbi. Kwa redio za gigahezi 2.4, urefu wa wimbi ni sentimita 12.5. Antena ya nodi ikiwa mita 4 juu ya maji na ya ngalawa mita 1, mpaka ni mita 128.

Sasa yalete maji. Tofauti ya kujaa na kupwa katika Unguja wakati wa bamvua hufika takriban mita 4. Maji yakipanda mita 3, antena ya nodi iliyokuwa mita 4 juu ya maji inabaki mita 1 tu, ilhali ya ngalawa haibadiliki kwa kuwa chombo kinaelea. Mpaka ule unasogea kutoka mita 128 hadi mita 32. Kwa ngalawa iliyofungwa mita 200 kutoka kwenye nodi, kimo kimepungua mara nne, kwa hiyo nguvu iliyopokelewa inapungua mara kumi na sita, yaani desibeli 12. Programu inayotumia kanuni ya mraba itatafsiri upungufu huo kuwa umbali ulioongezeka mara nne na kuiweka ngalawa mita 800, na hata programu inayotumia kipeo cha nne itaiweka mita 400. Hakuna kilichoharibika. Kila nodi imepima sawasawa, na kila hesabu imetoka vibaya.

Uthibitisho wa sababu hii uko kwenye mwezi. Kosa likiwa kubwa karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, likapungua wiki ya maji mafu, kisha likarejea, hakuna haja ya kubishana zaidi. Hapo pia ndipo penye mtego, kwa kuwa mfumo uliojaribiwa na kukabidhiwa katika wiki ya maji mafu huonekana mzima kabisa, na malalamiko huanza baada ya fundi kuondoka.

Tiba ziko mbili, nami naipendelea ya pili. Ya kwanza ni kupima kimo cha maji kwa kihisi cha mgandamizo kilichofungwa chini ya nguzo moja, na kuingiza kimo hicho kwenye hesabu ya umbali. Hii inafanya kazi vizuri, lakini inaongeza kifaa kinachokaa ndani ya chumvi wakati wote na kuota viumbe vya baharini. Ya pili ni kuacha kutegemea nguvu yenyewe na kutumia tofauti ya nguvu kati ya nodi mbili zilizokisikia kisambazaji kile kile kwa wakati mmoja. Antena zote zikiwa na kimo sawa, maji yanazipunguzia zote kiasi kile kile cha desibeli, na kiasi hicho hujifuta nguvu hizo zinapotolewa moja kutoka kwa nyengine. Sharti ni kwamba nguzo zipimwe kimo kutoka usawa mmoja wa bahari, si kutoka chini ya kila nguzo, kwa sababu sakafu ya ghuba haiko sawa.

Ndani ya ule mpaka, yaani chombo kikiwa karibu, dalili huwa nyengine: nguvu hupanda na kushuka ghafla chombo kinaposogea mita chache tu, kwa kuwa njia mbili za mawimbi husaidiana mahali hapa na kupingana mahali pale. Kurusha paketi kwa zamu kwenye masafa kadhaa na kuchukua wastani hupunguza tabu hiyo, ingawa hakuiondoi. Kumbuka pia kwamba mwili wa binadamu hunyonya mawimbi haya. Kisambazaji kilichofungwa chini karibu na miguu ya mvuvi kitafanya nguvu inayopimwa itegemee mahali alipokaa mvuvi, na tanga lililorowa likishushwa juu yake hali huzidi kuwa mbaya. Mahali pake ni juu ya mlingoti.

Chombo kinarukia mahali pasipowezekana

Kuruka kwa ghafla kunakojirudia kila chombo kinapoingia eneo la nodi fulani ni dalili ya viwianishi (tarakimu za mahali nguzo ilipo) vilivyoandikwa vibaya, na dawa yake ni kwenda kuipima nguzo upya. Ukubwa wa mruko unasema mengi. Zanzibar iko kusini ya ikweta, kwa hiyo latitudo yake huandikwa kwa alama ya kutoa. Alama hiyo ikisahauliwa, Chwaka inahamia kusini mwa Ethiopia, kosa ambalo angalau halijifichi. Kosa linalojificha ni la takriban mita 300 kuelekea kaskazini au kusini, ambalo hutokea nguzo moja inapochukuliwa kutoka kwenye ramani ya zamani yenye msingi wa vipimo wa Arc 1960 huku nyengine zikiwa zimepimwa kwa kifaa cha setilaiti kinachotumia msingi mwengine, WGS 84. Tarakimu zinafanana, ukanda wa ramani ni ule ule wa 37 kusini, na hakuna programu itakayolalamika.

Njia inatoka kama meno ya msumeno, au chombo kinarudi nyuma

Ikiwa jaribio la nanga limefaulu na jaribio la mstari limetoa meno ya msumeno, shuku wakati. Swali la kwanza ni nani anayeandika saa ya kipimo. Katika mifumo mingi iliyounganishwa kwa haraka, saa huandikwa na lango paketi inapowasili, na si na nodi wakati wa kupima. Paketi iliyopitia nodi moja huwasili mapema, na iliyopitia nodi tano, ikarudiwa mara mbili kwa sababu ya msongamano, huchelewa. Ngalawa inayokwenda mita 3 kwa sekunde imeshasogea mita 12 katika sekunde 4 za kuchelewa. Chujio likipokea kipimo cha zamani kana kwamba ni kipya, linamrudisha nahodha nyuma, kisha kipimo kinachofuata kinamrusha mbele. Hapa nodi ndiyo inayopaswa kuandika saa, na lango livipange vipimo kwa saa hiyo kabla ya kuvipeleka kwenye chujio.

Swali la pili ni kama saa za nodi zinakubaliana. Kristali ya kawaida huweza kukosea sehemu 40 katika milioni, ambazo ni milisekunde 144 kwa saa moja na karibu sekunde 3.5 kwa siku. Uzito wa kosa hilo unategemea unachopima. Kwa nguvu ya mawimbi, sehemu ya kumi ya sekunde ni sentimita 30 za mwendo wa ngalawa na haina madhara. Kwa mtandao unaofuatilia mlio wa mashine ya boti kwa kulinganisha muda wa sauti kufika kwenye nodi mbalimbali, milisekunde moja ni sentimita 34 hewani na takriban mita 1.5 chini ya maji, hivyo kosa linalokusanyika kwa muda wa saa moja tu bila kusawazisha linaondoa maana ya kipimo. Kwa anayepima muda wa safari ya wimbi la redio lenyewe, sehemu moja ya milioni ya sekunde ni mita 300, na saa za kawaida hazimfai kabisa.

Joto huongeza tabu. Kristali ndogo za kilohezi 32 zinazotumika wakati nodi imelala huenda vizuri zaidi karibu na nyuzi 25, na huchelewa zikipata joto au baridi kupita hapo, kwa kiasi kinachokua na mraba wa tofauti. Sanduku lililofungwa kwenye jua la adhuhuri likifika nyuzi 55 ndani, saa yake itachelewa kwa takriban sehemu 30 katika milioni zaidi ya ile ya nodi iliyo kivulini. Kosa linalokua mchana na kutulia usiku linaelekeza hapo. Paka sanduku rangi nyeupe, liwekee kivuli chenye nafasi ya upepo, na usawazishe saa mara nyingi zaidi mchana. Usawazishaji wenyewe ufanyike kwa alama ya saa inayowekwa na redio paketi inapotoka hasa, si na programu inapoomba kuituma, kwa sababu kati ya kuomba na kutoka kuna kusubiri zamu ya masafa ambako hakutabiriki.

Kosa la saa nzima nzima ni la daftari zaidi kuliko la mtandao. Kumbukumbu za lango huwa katika saa ya dunia, iliyo nyuma ya saa yetu kwa saa tatu, na nahodha anaposema aliondoka saa mbili asubuhi, lango limeandika saa 5:00. Fundi aliyezoea kuongeza sita kichwani na kupunguza tatu kwenye kompyuta hukosea siku ya uchovu. Amueni tangu mwanzo daftari litumie saa ipi.

Mfumo unakipoteza chombo kila kinapogeuka

Hapa sasa ni zamu ya chujio. Chujio alilolichapisha Rudolf Kalman mwaka 1960 hutabiri mahali chombo kitakapokuwa, hulinganisha utabiri na kipimo, kisha hukubaliana katikati kwa kadiri linavyoamini kila upande. Likiambiwa kwamba chombo huenda mbele kwa mwendo usiobadilika, litakifuata vizuri chombo kinachopelekwa na upepo wa nyuma. Ngalawa inayokwenda bisho wakati wa kusi, ikikata upande huu kisha upande huu, huvunja dhana hiyo kila inapogeuza tanga, na mstari wa ramani utaendelea kunyooka kuelekea mahali ambako chombo hakikwenda.

Kabla ya kubadilisha kitu, pima. Chukua tofauti kati ya utabiri na kipimo, uikuze kwa mraba na uigawe kwa utata, yaani kiasi cha kutokuwa na uhakika, ambao chujio lenyewe linaudai. Kwa mahali panapopimwa kwa pande mbili, mashariki na kaskazini, wastani wa thamani hiyo unapaswa kuwa karibu na 2. Ukiwa juu sana, chujio linajiamini kupita kiasi na linahitaji kuongezewa utata wa mwendo; ukiwa chini sana, linaogopa bure na mstari utatikisika. Wastani ukiwa mzuri kwa ujumla lakini ukipanda kwa ghafla kwenye kona tu, kuongeza utata kwa safari nzima ni kuharibu sehemu nzuri ili kuponya mbaya, na afadhali kuendesha machujio mawili sambamba, moja la kwenda moja kwa moja na moja la kugeuka, na kuyapa uzito kufuatana na linalotabiri vyema kwa wakati huo.

Mara nyengine chujio ni zima na mlango wake wa kupokea vipimo (si lango la ufukweni) ndio mwembamba. Programu nyingi hukataa kipimo ambacho thamani ile ile imepita kikomo, na kwa pande zile mbili kikomo cha 9.21 huruhusu asilimia 99 ya vipimo vya kweli. Baada ya kona moja isiyotarajiwa, vipimo vyote sahihi vinaangukia nje, vinakataliwa, na utabiri unazidi kupotea peke yake. Utaijua hali hii kwa kuwa kumbukumbu ghafi zina vipimo tele, ilhali ramani inadai hakuna. Iamuru programu ianze upya kila vipimo kadhaa vinapokataliwa kwa mfululizo.

Kama hata kumbukumbu ghafi hazina kitu, nodi zilikuwa zimelala. Paketi kubwa kabisa ya redio za IEEE 802.15.4 (kiwango cha redio za nodi zinazotumia umeme kidogo), ya baiti 127, hupita kwa milisekunde 4 hivi, na nodi inayofungua masikio kwa muda mfupi kila sekunde tano itaipata kwa bahati tu isipokuwa imeamshwa na jirani yake. Eneo la kuamsha lisihesabiwe kwa mstari wa mbele peke yake. Katika sekunde tano ngalawa imeweza kwenda mita 15 upande wowote, na nodi za ubavuni nazo ziamke.

Vyombo viwili vinabadilishana majina

Ikiwa kila kisambazaji kinatuma namba yake, hili halitokei ila viwili vimepewa namba moja, zikague. Ikiwa mtandao unategemea sauti tu, kubadilishana wakati vyombo vinapopishana ni jambo la maumbile yake, na programu icheleweshe uamuzi mpaka vyombo viachane, badala ya kukabidhi kila kipimo kwa chombo kilicho karibu zaidi.

Kisambazaji au nodi inanyamaza

Nodi zilizo karibu na lango hufa kwanza kwa sababu hupokezana paketi za wote, na hilo halimaanishi kwamba betri zake ni mbovu. Redio inayosikiliza hutumia takriban miliampea 20, hivyo betri ya miliampea-saa 2600 inamalizika kwa siku tano na nusu ikiwa nodi haipati usingizi. Ikisikiliza asilimia 1 tu ya muda, hesabu hiyo hiyo inafika zaidi ya mwaka. Zipe nodi za karibu na lango paneli kubwa zaidi ya sola, na zifutwe chumvi. Ukimya unaoanza jioni mbele ya hoteli unatokana zaidi na Wi-Fi ya wageni: hamia chaneli ya 26 ya redio za 802.15.4, ambayo iko nje ya chaneli za 1, 6 na 11 za Wi-Fi.

Ukimya unaotokea mahali pale pale kila siku, chombo kikikaribia mwamba, na kuisha chombo kikirudi, usiufungulie sanduku kabla ya kuzungumza na nahodha. Mvuvi aliyerithi mahali pake pa kuvulia hana sababu ya kupachora kwenye ramani ya watu, na kuzima kifaa au kukifunika kwa kapu lililorowa ni jambo rahisi. Kubalianeni naye wapi kifaa kizimwe, kisha programu iandike kipande hicho kuwa kimezimwa kwa makusudi na isimamishe utabiri hapo hapo, ili chujio lisiendelee kuchora njia ya kubuni juu ya mwamba na fundi wa zamu asitume boti kutafuta chombo ambacho hakijapotea.